Saa Mbili za Pima Hamsini

Kabla ya mita kuenea duniani, mwanadamu alivipima vitu kwa mwili wake. Nafasi iliyo kati ya ncha ya kidole gumba na ncha ya kidole cha mwisho, kiganja kikiwa kimetanuliwa, iliitwa shubiri. Kutoka kiwiko mpaka ncha za vidole ilikuwa dhiraa. Baharini kipimo kilikuwa pima, yaani urefu wa kamba ambayo mtu anaweza kuikamata akinyoosha mikono yake miwili, mmoja kulia na mmoja kushoto. Mabaharia wa pwani yetu walishusha bildi majini, wakaivuta kamba pima baada ya pima, wakajua kama chombo kitapita au kitakwama. Waingereza nao walikuwa na kipimo cha jinsi hiyo hiyo. Wao walikiwekea futi sita, ambazo ni mita 1.83 hivi.

Nimelitanguliza neno hili kwa sababu iko saa ya mkono iliyopewa jina la kipimo hicho. Saa hiyo ni Fifty Fathoms, ambayo kwa lugha yetu tungeiita Pima Hamsini. Iliundwa mwaka 1953 na nyumba ya Blancpain ya Uswisi, na jina lake lilitokana na kina cha mita 91 hivi, ambacho siku zile kilihesabiwa kuwa mwisho wa safari ya mzamiaji. Leo jina hilo linachukuliwa na saa mbili: moja ya bei kubwa mno, na ya pili ya bei ndogo. Zote mbili zimeundwa kwa sura ya kale ya babu yao, na wengi huzishindanisha. Mimi nami nimezishika zote mbili mkononi, nikajifunza jambo ambalo naona lafaa kuandikiwa vijana.

Kwanza yafaa kueleza kwa nini mzamiaji huhitaji saa. Juu ya nchi kavu saa humwambia mtu kama amechelewa. Chini ya maji humwambia kama atarudi. Kila mita 10 za maji huongeza shinikizo lililo sawa na lile la hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu. Kwa hiyo katika kina cha mita 10 mzamiaji huchukua mzigo maradufu, na katika mita 30 huchukua mzigo mara nne. Na kila pumzi yake humaliza hewa ya mtungi kwa kadiri hiyo hiyo. Mtungi ambao ungemtosha saa nzima karibu na uso wa maji humalizika kwa robo saa katika mita 30. Tena hewa ile ina naitrojeni, ambayo huingia katika damu na nyama kwa muda wote anaokaa chini. Akipanda kwa pupa, naitrojeni hiyo hugeuka mapovu mwilini, na mapovu hayo huweza kumlemaza au kumwua. Basi kujua dakika zilizopita si urembo. Ni kamba ya uhai.

Jambo hili lilimfika mkuu mmoja wa Blancpain, Jean-Jacques Fiechter, ambaye mwenyewe alikuwa mpenzi wa kupiga mbizi. Katika mojawapo ya safari zake za baharini, kusini mwa Ufaransa, hewa ilimwishia akiwa chini kwa kuwa hakuwa na njia ya kuaminika ya kuhesabu wakati. Alinusurika, na akarudi kwake na haja ya saa inayofaa. Wakati huo huo askari wawili wa Ufaransa, Robert Maloubier na Claude Riffaud, waliokuwa wakiunda kikosi cha wazamiaji wa vita mwaka 1952, walikuwa wakitafuta kitu kile kile. Walitaka saa yenye uso mweusi na alama kubwa zinazong'aa gizani, na pete ya nje inayozunguka. Haja zao zikakutana na haja ya Fiechter, na mwaka 1953 saa ikazaliwa. Mwaka 1956 ilionekana katika filamu ya Jacques-Yves Cousteau iitwayo Le Monde du silence, ambayo ilipata tuzo kuu ya Cannes.

Ile pete ndiyo akili ya saa yenyewe. Kabla ya kuzama, mzamiaji huizungusha mpaka alama yake kuu ilingane na akrabu ya dakika. Baadaye, akiwa chini, hana haja ya kukumbuka aliingia majini saa ngapi. Hutazama tu akrabu imefika wapi kwenye pete, naye huzisoma dakika zilizopita. Fiechter alitia kufuli ili pete isisogee kwa kuguswa. Katika saa za leo pete huzunguka upande mmoja tu. Ikigongwa na mwamba ikasogea, itaonyesha kwamba muda mrefu zaidi umepita, wala si mfupi. Na mzamiaji atapanda mapema kuliko ilivyolazimu. Kosa lake, likitokea, huangukia upande wa salama. Laiti vyombo vyote tunavyoviamini vingeundwa kwa busara kama hiyo.

Sasa natuzitazame saa mbili zenyewe. Ni ndugu wa nyumba moja, ingawa mmoja amelelewa katika kasri na mwingine sokoni. Blancpain hulihesabu chimbuko lake tangu mwaka 1735, nayo hujivuna kwamba haijapata kuunda saa ya betri. Swatch ilizaliwa mwaka 1983, wakati saa za betri kutoka Japani zilipokuwa zimewatia mafundi wa Uswisi katika hali ngumu. Ilikuwa saa ya plastiki, nyepesi, ya rangi nyingi na bei ndogo, na mauzo yake yalisaidia kuokoa kazi ya saa katika nchi ile. Mwaka 1992 kampuni mama ya Swatch iliinunua Blancpain. Hivyo, Septemba mwaka 2023, jina la Pima Hamsini lilipotolewa likatiwa juu ya saa ya Swatch, halikuibwa. Lilitoka mkono wa kulia likaingia mkono wa kushoto.

Saa ya Blancpain iitwayo Fifty Fathoms Automatique ina mwili wa chuma kisichoshika kutu. Kioo chake, na hata uso wa pete yake, ni yakuti iliyotengenezwa na wanadamu, ambayo haikwaruzwi ovyo. Ndani mna kamani tatu katika masanduku matatu madogo, nazo zikijazwa huiendesha saa kwa siku tano. Huvumilia kina cha mita 300. Inapochoka hufunguliwa, husafishwa, hutiwa mafuta, na kilichochakaa hubadilishwa. Hivyo mtu aweza kumwachia mjukuu wake. Bei yake hupita dola 12,000 za Marekani, yaani zaidi ya shilingi milioni moja na nusu za Kenya.

Saa ya Swatch iitwayo Scuba Fifty Fathoms ina mwili wa mchanganyiko wa kauri na plastiki. Thuluthi mbili ni kauri, na thuluthi ya plastiki hutokana na mafuta ya mbarika, mmea ule ule uotao kando ya njia zetu. Mkanda wake umesokotwa kwa nyuzi za nyavu za uvuvi zilizookotwa baharini. Mashine yake nayo haina betri. Huendeshwa na kamani inayojazwa na mwendo wa mkono wa mvaaji, na ikijaa hutembea saa 90. Ina sehemu 51 tu, zinazounganishwa na mitambo bila mkono wa mtu, na parafujo moja tu katikati. Mwendo wake hupangwa mara moja kiwandani kwa mwanga wa leza, kisha mwili hufungwa moja kwa moja. Huvumilia mita 91, yaani pima hamsini kamili. Bei yake ilipotolewa ilikuwa dola 400, yaani shilingi 50,000 hivi. Ya kwanza basi ina bei ya kuzidi thelathini za namna ya pili.

Aina tano za kwanza za saa hii ndogo zilipewa majina ya bahari tano, na mojawapo ni Bahari ya Hindi. Ndiyo niliyoiona mimi. Mwana wa mjomba wangu huongoza wageni wapigao mbizi katika pwani ya kusini, na mwaka mmoja walimjia baba na binti yake kutoka Ufaransa. Baba alivaa ile ya chuma, na binti alivaa ile ya mbarika, ya rangi ya kijani. Walikaa wiki moja, na siku ya mwisho binamu yangu aliwaleta Mombasa kuutembelea Mji wa Kale, nami nikawapokea kwa kahawa na kaimati.

Binamu yangu alinisimulia aliyoyaona chomboni. Baba, kila alipopanda mashua, aliufunika mkono wake kwa mkono wa pili asije akaigonga saa ukingoni. Alipokoga aliitia ndani ya soksi, na soksi ndani ya kiatu. Usiku aliuliza mara mbili kama mlango wa chumba una kufuli nzuri. Binti aliruka majini na saa yake, akavuta nanga nayo, akacheza mpira ufukoni nayo. Maji waliyoingia yalikuwa yale yale, na kina hakikupita mita 25. Saa zote mbili zilihesabu dakika zile zile. Isitoshe, wote wawili walikuwa wamevaa kompyuta ndogo za wazamiaji, ambazo siku hizi ndizo zinazofanya hesabu ya kina na wakati. Saa ilikuwa mlinzi wa pili tu.

Katika matembezi yetu tulipita kwa mzee mmoja, fundi saa, ambaye meza yake haizidi upana wa mkeka. Binamu yangu alimwamkia, "Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Leo mmeniletea nini?"

Tukamwonyesha saa zote mbili. Alitia kioo chake cha kukuzia jichoni, akaanza na ile ndogo. Aliipindua, akaitazama mashine kwa nyuma, akapapasa ukingoni mwake kwa ukucha, akacheka kwa mshangao wa kweli.

"Hii kaiunda mtu mwenye akili," akasema. "Vyuma vichache, parafujo moja, na inatembea. Lakini sioni mlango. Nyumba haina mlango, mwanangu. Mwenye nyumba akiugua, tabibu ataingilia wapi?"

Kisha akaichukua ile ya chuma. Hakucheka. Aliizungusha pete yake polepole akasikiliza mlio wake, kama mtu asikilizaye sarafu kujua kama ni ya fedha. Mwisho akamrudishia mwenyewe kwa mikono miwili.

"Hii ina mlango, tena mzuri," akasema. "Lakini haitakuja kwangu. Huyu bwana hatathubutu kuniachia, na hata akithubutu, vyuma vyake sina pa kuvipata. Itarudi kwao Uswisi kutibiwa. Basi kwangu mimi saa hizi mbili ni sawa. Moja haifunguki, ya pili hainifikii."

Maneno hayo yamekaa moyoni mwangu kuliko bei zote nilizozitaja. Watu wawili wangeweza kubishana mchana kutwa juu ya saa hizi, mmoja akisema kwamba ghali ina mwenyewe, na mwingine akisema kwamba fedha zile ni za ubatili, wala wasiyaone aliyoyaona mzee yule kwa kioo chake kimoja.

Mimi naona hivi. Saa ya mwaka 1953 ilikuwa na sifa mbili pamoja. Kwanza, ilikuwa imara, ilifunguka na kutengenezwa. Pili, ilikuwa chombo cha kazi. Askari aliivaa katika tope na chumvi bila kuihurumia, kwa kuwa iliwekwa imlinde yeye, wala si yeye ailinde. Babu alipokufa, urithi uligawanywa. Saa ya chuma ilirithi uimara na ule mlango, lakini bei yake imempoka mvaaji uhuru wake; yule baba alikuwa mlinzi wa mlinzi wake. Saa ya mbarika ilirithi uhuru; yule binti aliruka nayo majini bila wazo. Lakini haikurithi mlango, na itakaposimama kwa uchovu hapana fundi wa mtaani atakayeiamsha. Hapana hata moja kati yao iliyorithi vyote viwili, na kwa hiyo hapana hata moja iliyo babu yao.

Haki inanitaka niseme pia yale ambayo bei kubwa hununua kweli. Hununua mita 300 badala ya 91. Kanuni ya kimataifa ya saa za wazamiaji, ISO 6425, hutaka angalau mita 100, kwa hiyo ile ndogo haifikii kiwango hicho, ijapokuwa mafunzo ya wazamiaji wa starehe humwekea mtu mpaka wa mita 40. Hununua yakuti mahali pa plastiki. Hununua ufundi wa watu waliojifunza kwa miaka, na pengine ni heri duniani pawe na mahali ambapo ufundi huo haufi. Lakini sehemu ya bei hununua jina, na jina halishuki majini pamoja na mzamiaji. Tena bei ndogo nayo tusiidanganye nafsi kuwa ni ndogo kwa kila mtu. Shilingi 50,000 hukaribia karo ya mwaka mmoja katika shule nyingi za bweni. Kilicho rahisi dukani Uswisi huwa mzigo nyumbani Likoni.

Wageni walipokwisha kuondoka, nilimwuliza binamu yangu, "Ungepewa moja, ungechagua ipi?"

Alifikiri kidogo, akajibu, "Mimi nataka saa ninayoweza kuisahau mpaka niihitaji. Nikiwa chini na mgeni aliyeshikwa na hofu, sitaki kuwa na vitu viwili vya kuviangalia."

Jibu hilo lilitoka kwa mtu ambaye kila siku hushuka na roho za watu wengine mikononi mwake. Hakuniuliza bei, wala jina, wala rangi. Aliitazama kazi, akaitazama hatari, kisha akakitazama chombo. Huo ndio utaratibu uliowaongoza wale askari wawili mwaka 1952, kabla ya saa yoyote ya namna hii kuwa na jina.

Ninyi msomao haya huenda msije mkanunua saa ya mzamiaji maisha yenu yote. Lakini mtanunua baiskeli, viatu, kalamu, simu, cherehani na jembe, na kila mara mtakuta mezani vitu viwili vinavyofanana sura, kimoja ghali na kimoja rahisi. Na muuzaji wa kila upande atakuwa na maneno matamu. Msiyapokee maneno yake kabla hamjayajibu maswali matatu. Chombo hiki kitafanya kazi gani kwangu, wala si kwa mtu mwingine? Je, nitakitumia bila hofu, au nitakuwa mtumwa wa kukilinda? Na siku kitakapoharibika, nani atakifungua, naye anakaa wapi? Bei haijibu swali lolote kati ya hayo. Inaweza kuwa kubwa na majibu yakawa mabaya. Inaweza kuwa ndogo na majibu yakawa mabaya vile vile.

Na swali la tatu msilidharau, kwa kuwa si la mnunuzi peke yake. Kila kitu kisichofunguka humwondolea fundi mmoja mkate wake, na kijana mmoja mahali pa kujifunza. Mzee wa Mji wa Kale alinionyesha kiti kidogo kando ya meza yake, alichokalia mwanafunzi wake zamani. Siku ile juu yake palikuwa na bilauri za kahawa. Kazi ya saa haijafa. Saa za kutengenezwa bado zamjia, za Japani na za Uswisi, za bei ya katikati, zenye mlango na zenye vyuma vinavyopatikana. Ameniambia kwamba akipata kijana mwenye jicho kali na mkono usiotetemeka, ataziondoa bilauri zile.